Kashifu ya Rada

Mabela, Maskati, baada ya Adhuhuri

Mwanangu Thuraya,

Salamu tumeshapeana asubuhi uliponipima presha, na hali yangu unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeiandika kwenye daftari na kulifunga haraka nisiisome. Basi hapo sitapoteza wino.

Umenitaka nikuandikie namna ya kukitumia kile kidude. Juzi Rehema wetu wa kazi alikitoa stoo, ndani ya kikapu cha zamani cha thamosi za chai, akakifuta vumbi, akaniletea kitandani. "Babu, hii simu ya wapi hii, mbona haina namba?" Wewe ulikuwa mlangoni na mwenzako Atieno, nesi Mkenya mnayekwenda naye kazini Salala, na ulikijua kabla sijafungua mdomo. Ukasema ni kile cha kunusa rada za polisi, kwamba utakifunga garini mpaka Salala. Atieno akasema kwao kitu kama hicho kingekuwa na bei kuliko gari lenyewe. Mkacheka. Mimi nikasema, haya, nitakuandikia maelezo.

Maelezo ninayo. Lakini siku ile ile, kabla hujatoka chumbani, Atieno alikuuliza kama unao jamaa huko, nawe ukamjibu kwamba yuko mjomba wako Seif, ndugu wa mama yako, na kwamba utakaa Salala miaka miwili bila ya kukanyaga kwake. Ulisema, "Mtu aliyemuua mama yangu kwa mbio zake, mimi sina salamu naye." Nilikuwa na nafasi ya kusema neno pale. Nikaomba maji.

Barua hii ndiyo lile neno. Ya matairi, ya maji ya kunywa, ya kutompa lifti mtu usiyemjua, hayo nnayaacha. Umekua, na Atieno ana akili za kuwatosha wawili. Nianze na kifaa, kwa sababu jambo lenyewe limo humo.

Kifunge chini ya kioo cha kutazamia nyuma, katikati, kilale sawa kama maji ndani ya bakuli. Kisikae nyuma ya waipa, wala nyuma ya ule ukanda mweusi watu wanaoubandika juu ya kioo kuzuia jua, kwa kuwa aina nyingine ina madini na mawimbi hayapenyi. Waya wake unaingia kwenye tundu la kuwashia sigara. Kina swichi ya masikio, upande mmoja mjini, upande wa pili njia kuu. Ukikiacha na masikio ya njia kuu ndani ya mji kitakutia wazimu, maana kila mlango wa duka unaojifungua wenyewe nao hutoa mawimbi. Mimi niliijua milango ya maduka ya Ruwi kwa kelele zake. Mama yako alikuwa akisema wanaume wengine wanajua maduka kwa bidhaa.

Kikianza kuita polepole, halafu kikazidi kidogo kidogo, hiyo ni rada ya kweli iko mbele na unao muda. Kikipiga kelele moja kubwa kwa ghafla, ushaandikwa. Huyo ni askari aliyekaa na kidole kwenye kitufe akikungojea wewe hasa. Dawa yake ni kuwa na gari jingine mbele yako, mbali kidogo, linalokwenda mbio kuliko wewe. Lile litapigwa kwanza na kifaa chako kitasikia mwangwi. Dereva wa mbele nilimwita sadaka. Nakuandikia neno hilo kama nilivyokuwa nikilitamka, kwa furaha, ili umjue aliyekuwa akilitamka.

Milima huficha mawimbi. Ijumaa moja tulitoka Bustan kwenda Qantab, mimi na mama yako, kununua samaki. Unaijua njia ile inavyojikunja katikati ya majabali. Kifaa kilinyamaza kona baada ya kona, mimi nikajiachia, na baada ya kona ya mwisho askari alikuwa amekaa pale akitutazama usoni. Kifaa kikalia wakati tushafika puani mwake. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu mwaka ule. Nilizuiwa kuendesha gari kwa miezi mitatu na leseni yangu ikabaki mezani kwao. Kumbuka hilo la leseni.

Na kumbuka kwamba ni haramu kuwa nacho. Nilikinunua Dubai, Deira, kwa muuzaji aliyekitoa chini ya meza kama anayetoa jino la mtu. Tukakivusha mpakani chini ya gurudumu la akiba. Mimi, mwalimu wa fizikia, niliyewasimamisha watoto wa watu ukutani kwa kunakili jibu la jirani. Muuzaji alikiita kwa Kiarabu, kashif. Mama yako alikuwa kiti cha mbele, akalirudia neno kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Kashifu?" akacheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. "Bwana wee, umetoa pesa kununua kitu cha kukukashifu?" Nikamweleza kwamba kwa Waarabu maana yake ni kifichuzi, kinachofunua kilichofichika. Akasema, "Na mimi nimesema nini?"

Nnataka ujue nilikuwa mtu gani, kwa sababu umenijua nikiwa baba tu. Nilikuwa mtu wa kushuku. Nilipopewa chenji niliihesabu mara mbili. Jirani akiniuliza nnakwenda wapi, nilimtajia mahali pengine. Tulipohamia hapa Mabela, nyumba zenyewe zikiwa bado zinanuka saruji, nilikaa dirishani wiki nzima nikitazama nani anaingia kwa nani. Hata sasa, nikiwa na mrija puani, nnahesabu vidonge baada ya Rehema kuvipanga, na maskini yule binti wa Tanga hajakosea hata kimoja. Daktari akinisemesha kwa upole nnamshuku, akinisemesha kwa ukali nnamshuku. Nilidhani kushuku ni elimu. Mtu asiyeshuku nilimwona kama mtu asiyesoma.

Zamani za lile gari letu jeupe, gari zote za huku zilikuja na kengele ya mwendo. Ukivuka mia na ishirini, ndani kunalia ting, ting, ting, mpaka upunguze. Mama yako aliipenda. Ikilia aliigiza kwa ulimi, na wewe ukiwa mdogo kiti cha nyuma ukaigiza naye. Mimi iliniudhi. Nikaenda gereji Wadi Kabir, fundi akaingiza mkono chini ya dashibodi akaukata waya kwa koleo, kazi ya dakika moja. Wiki ile ile ndiyo niliyosafiri Dubai. Nimeyafikiria haya miaka minane, Thuraya, na bado yananishangaza. Niliikata kengele iliyonipa habari zangu mwenyewe, nikaenda kununua nyingine ya kunipa habari za wenzangu.

Jambo moja zaidi kabla ya safari yenyewe. Unajua desturi ya barabara zetu. Ukiona rada au ngamia njiani, unamwashia taa anayekuja mbele yako, mara mbili, tatu, naye anapunguza. Humjui, hutamwona tena, lakini unamwashia. Ni kama kumpigia mtu hodi kabla ya msiba kumwingilia. Mimi niliigeuza desturi ile kuwa mchezo. Kwenye njia ya Nizwa, pasipo na rada wala mnyama, niliwawashia watu taa ili niwaone wanavyokanyaga breki wakikodoa macho. Mama yako hakucheka hata siku moja. Aliniambia, "Unawafundisha watu wasiaminiane." Nilimwambia hao watajifunza kutumia akili zao.

Sasa safari.

Ulikuwa na miaka kumi na saba, umebaki kwa bibi yako kwa ajili ya mitihani. Sisi watatu tulikwenda Salala msimu wa manyunyu, mama yako akitaka kuona majani mabichi, akisema macho yake yamechoka na mawe. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimezuiwa, Seif alikuja kutuendesha. Unakumbuka kazi yake ilikuwa udereva wa lori la maji, mwenye leseni safi kama sahani. Aliendesha kutoka Maskati mpaka Haima, katikati ya jangwa, kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Nilikaa kando yake nikikereka. Kifaa nilikifunga kiooni, naye akakitazama kama mtu anayetazama nge. Akasema, "Shemegi, mimi hiki sikihitaji." Nikamjibu kwamba akienda hivyo hata ngamia watatupita. Mama yako akacheka huko nyuma, na Seif naye akacheka.

Haima tulikula, tukasali, Seif akajinyoosha msikitini akalala, maana alikuwa ametoka zamu siku iliyotangulia. Alipoamka baada ya Alasiri macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia anipe ufunguo. Alikataa mara mbili kwa sababu ya ile leseni yangu. Mara ya tatu nilimwambia, "Njia imenyooka kama rula, na polisi wakiwapo huyu kashifu ataniambia." Alinipa ufunguo.

Niliendesha mimi, Thuraya.

Nauandika mstari huu peke yake ili usije ukaupita kwa haraka. Niliendesha mimi.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama lakini mwanga ulikuwapo bado, ule mwanga wa kijivu ambamo mchanga na lami na ngozi ya ngamia vinakuwa rangi moja. Nilikuwa kwenye mia na hamsini. Kengele ya lile gari jeupe, kama singeikata, ingekuwa inalia tangu Haima. Seif alikuwa amesinzia kando yangu. Kwa mbali likatokea lori, likaniwashia taa mara mbili. Nikatazama kifaa. Kimya, kitaa chake cha kijani kinang'aa. Lori likawasha tena. Mama yako alijisogeza mbele katikati ya viti, akaniwekea mkono begani.

"Huyu anakwambia kitu," alisema. "Punguza."

"Anacheza tu. Kifaa kimenyamaza."

"Kifaa hakina macho, bwana. Punguza."

Lori likatupita, na likitupita likawasha mara ya tatu na kupiga honi. Mimi nikasema moyoni, huyu ni fundi wa mzaha kuliko mimi. Unaona? Nilimpimia kibaba changu. Sikuweza kuamini taa za mtu kwa sababu nilizijua taa zangu.

Walikuwa ngamia watatu, mmoja na mwanawe. Kifaa hakikulia, na hakikuwa na sababu ya kulia. Hiyo ndiyo kanuni ya fizikia niliyowasomesha watoto miaka ishirini na nikashindwa kujisomesha mwenyewe. Kifaa kile husikia kinachokutafuta tu. Ngamia hamtafuti mtu. Anavuka barabara kwa shughuli zake.

Sitakueleza zaidi. Ulimwosha mama yako pamoja na wanawake na ulikiona ulichokiona. Nitakwambia tu kwamba mkono wake ulikuwa begani mwangu mpaka mwisho, na kwamba hakuteseka muda mrefu. Najua waongo wote husema hilo la mwisho, lakini ni kweli, na Seif atakwambia.

Lile lori liligeuza likarudi. Dereva wake, Mbaluchi mtu mzima, alitukuta mimi na Seif tumekaa nje ya gari kwenye changarawe, mama yako tumemlaza juu ya mkeka wa safari. Alisema kwa Kiarabu chake cha kuokota, "Nilikuwashia mara tatu. Kwani hukuona?" Alikuwa anatutazama sote wawili, hajui amuulize yupi. Nilitazama chini. Aliyejibu ni Seif. Alisema, "Nimeona. Mungu alikwisha andika."

Mbaluchi alipokwenda kuwaita polisi, Seif aliinuka, akaenda garini, akakinyofoa kifaa kiooni, akakitia ndani ya kikapu cha thamosi, akakifunika kwa kitambaa cha mama yako cha vikombe. Akarudi akachutama mbele yangu. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

"Nisikilize. Leseni yako imezuiliwa. Wakijua umeshika usukani watakufunga muda mrefu. Na Thuraya abaki na nani?"

Nikamwambia, wewe je.

"Mimi sina mtoto," alisema. "Nnaendesha mimi tangu Maskati. Umenifahamu? Nnaendesha mimi."

Sikumkubalia kwa mdomo. Nilinyamaza, na unyamavu wangu ukatosha. Polisi walipouliza, alijibu yeye. Alikaa jela miezi saba. Leseni ilichukuliwa, na mtu ambaye kazi yake ni usukani, ukimnyang'anya leseni, ushamkata mikono. Hakuendesha tena. Alipotoka alikwenda Salala kwa sababu hapa Maskati kila mtu alimtazama kwa jicho moja, na mtu wa kwanza kumtazama hivyo ulikuwa wewe.

Na hapo ndipo panaponiuma kuliko pale barabarani. Barabarani nilifanya ujinga, na ujinga Mungu huenda akausamehe. Lakini siku ya tatu ya matanga, wanaume wamejaa barazani, mmoja akaniuliza ilikuwaje. Ningeweza kusema ilikuwa kudra, watu wakainamisha vichwa, yakaisha. Badala yake nilisema, "Nilimwambia Seif apunguze, hakusikia." Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia na sinia la vikombe vya kahawa. Nililisikia lile sinia linavyolia. Maneno yale yalikuwa ya mama yako, aliniambia mimi, nami niliyachukua nikayavaa. Nilimwibia maiti wangu maneno yake ya mwisho nikamchomea nayo ndugu yake.

Neno la kitendo kile unalijua. Nilimkashifu. Basi mama yako alikuwa na haki tangu Deira, ila alikosea mtu.

Utaniuliza, mbona hukurudi nyuma ukalifuta? Kwa sababu mtu aliyekutendea wema usioweza kuulipa, baada ya muda unaanza kumwogopa, na mimi nikiogopa nnashuku. Nilimshuku Seif kwa wema wake. Kila Idi alipiga simu, aniulize, "Mtoto hajambo? Anasoma?" Na mimi kila Idi nilijiuliza huyu anataka nini, anapima nini, ataanza lini kudai. Yale magunia ya madafu yaliyokuwa yakitufikia kwa basi kila mwaka, niliyokwambia yanatoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, yalitoka kwake. Ana kibanda kando ya barabara, anauza madafu na ndizi. Mara ya kwanza nililitazama gunia lile siku nzima, nikamwambia mtu wa bustani ayagawe. Nilishuku ameyapeleka ili nisisahau. Miaka minane nilikitafuta kilichofichika ndani ya mtu yule, na hakikuwamo kitu.

Leo asubuhi ulipotoka kwenda kujaza petroli nilimpigia mimi. Sikumbuki kama nimewahi kumpigia. Alidhani nimekufa na kwamba anayepiga ni Rehema. Nilimwambia kwamba unakuja Salala, na kwamba nataka kukwambia ukweli kabla hujaondoka. 

"Unamwambia kwa ajili yake," akaniuliza, "au kwa ajili yako?"

Nikamwambia sijui.

"Basi mwache. Mimi nshazoea. Msichana ana safari ya kilomita elfu, asiendeshe na moyo uliovunjika. Mwambie tu asikimbie baada ya Haima."

Nikamuuliza kama hataki kusafishwa jina lake. Alicheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Shemegi, mimi nauza madafu. Madafu hayaulizi jina."

Nimekaa na swali lake tangu saa ile. Kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Nnajishuku, mwanangu. Nilikuwa nimepanga kumpa Atieno barua hii akukabidhi mkifika, na nilijiambia ni kwa usalama wako. Kisha nikaona sababu nyingine iliyojificha chini yake, kwamba mkiwa Salala sitauona uso wako ukiisoma, na kwamba huenda ukirudi mimi sipo. Nilikuwa nataka kukukimbia. Kwa hivyo nimeibadili. Rehema atakupa mkononi leo baada ya Alasiri, kabla ya Magharibi, uwe na jioni nzima. Safari yako ni kesho, na inaweza kuwa keshokutwa, na inaweza kuwa wiki ijayo. Usishike usukani na hasira. Hilo nnakuomba, sikuamrishi, nshapoteza haki ya kukuamrisha mambo ya barabara.

Mlango wa chumba changu hautafungwa. Ukitaka kuingia, ingia, useme unavyotaka, sitaomba maji. Ukitaka kutoingia nitafahamu. Nitajua kwa nyayo zako kwenye ukumbi kama zimesimama au zimepita, maana masikio bado ninayo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeiandika kwa Kiarabu, ni maelezo yangu kwa polisi, yote kama nilivyokuandikia hapa isipokuwa ya moyoni. Nimetia saini, na Rehema ametia kidole gumba kwa ushahidi baada ya kunifanya nimsomee kwa Kiswahili. Alilia, halafu akanikasirikia, halafu akanitengenezea uji. Karatasi hiyo si yako wala si yangu, ni ya Seif. Mpe. Akitaka kuipeleka, aipeleke. Akitaka kuichana, aichane, lakini aichane yeye.

Kuhusu kifaa, sikukatazi. Bado kinafanya kazi, Rehema alikijaribu kwenye gari lako jana nikiwa dirishani, na mlango wa duka la kona ulipofunguka kilipiga kelele ile ile.  Lakini nimekirudisha ndani ya kikapu cha thamosi chini ya kitambaa cha vikombe, pale alipokiweka Seif, na kikapu kiko mlangoni na mizigo yako. Kama utakifunga kiooni, umeshajua namna. Kama utampelekea yeye, sema kimetoka kwangu, atajua la kufanya. Kengele ya gari lako nimemuuliza fundi, ipo na inalia. Iache ilie.

Na mtu akikuwashia taa, punguza. Huenda akawa anacheza. Huenda akawa mzee mjinga anayependa kuona watu wanakanyaga breki. Punguza hivyo hivyo, upoteze dakika moja, umpe haki yake ya kuaminiwa. Na wewe ukiona kitu, mwashie anayekuja, hata kama humjui.

Kibanda cha Seif kiko upande wa kulia, njia ya kuelekea mashamba ya minazi, kina turubai la buluu. Amezeeka na sikio lile halisikii vizuri, kwa hivyo simama upande wake wa kulia. Akikuuliza wewe nani, usianze na jina langu. Mwambie, mtoto wa Asya. Mengine atayajua kwa macho, una macho ya dada yake.

Naiweka kalamu. Mkono umechoka, na nnasikia gari lako linaingia.

Mimi baba yako,
niliyekuwa nimeshika usukani.